Kufika Shumen

Daktari aliweka picha kwenye kioo chenye mwanga:
ubongo wa Stoimen, umekatwa vipande kama kitunguu,
na ndani yake madoa matatu meupe,
madogo, panya asingeyahesabu kuwa chakula.
"Viharusi vidogo. Vingine vilipita usiku, mkiwa mmelala."
Nikauliza: punje tatu ndizo zimemnyamazisha mtu mzima?
Kidole chake hakikugusa doa. Kilikwenda mbali, upande wa pili.
"Hapa pazima," alisema. "Na pale pazima.
Ila hapa hapajui tena kama pale papo."

Kwetu Bulgaria mtu akikubali hutikisa kichwa kando,
akikataa hukiinua juu. Wageni hutucheka.
Sasa namuuliza mume wangu: unataka supu?
Kichwa kinasema ndiyo, mdomo unasema hapana,
nami nimesimama na mwiko, raia wa serikali mbili.
Jumatatu niliamini kichwa.
Jumanne supu iliishia kwa paka.

Miaka thelathini na moja alitangaza treni
stesheni ya Gorna Oryahovitsa. Sauti yake
iliwainua watu kahawa zao zikiwa nusu.
Leo anauona uma, anaushika sawasawa, anakula nao,
jina lake haliji. Ananitazama
kama mtu anayepiga hodi nyumba anayojua ina watu.

"Vihra anaishi wapi?" Binti yetu wa pekee.
Mkono ukaelekea dirishani, mashariki. Mkono unajua.
Mdomo ukafunguka, ukafumba.
Tulikuwa tumechoma pilipili hoho za msimu uwani,
moshi ulinijaa machoni, ndiyo maana nililia,
ndiyo maana.

Kisha akakohoa, akanyoosha kola ya shati,
akaitoa ile sauti ya zamani, ya kwenye vipaza sauti:
"Abiria wa Varna! Strazhitsa. Popovo.
Targovishte..."
akasita, akashika ukingo wa meza,
"Shumen."

Hakuendelea Kaspichan. Alishuka hapo.

Tangu siku hiyo njia ni hiyo. Ndefu,
lakini daktari anasema ubongo nao hutafuta uchochoro
barabara kuu ikifungwa. Uchochoro wetu una stesheni tatu.
Vihra akipiga simu namwambia asubiri, asikate,
baba yako yuko Popovo,
anakuja.