Kusudi la Safari

Fomu inauliza tarehe niliyoingia Uganda.
Andika: usiku. Andika: chini ya turubai,
magunia ya vitunguu juu yangu.

Kusudi la safari?
Kusudi lilikuwa la mwenye baa.
Mimi nilikuwa mzigo tu.

Bi Tumuheirwe anaweka kalamu chini.
Feni ya ofisi hii ya Mbarara inakohoa.
"Pasipoti?"
Imo kwenye kopo la biskuti, Ntungamo,
pamoja na za wenzangu wanne.

Muhuri unashuka. Miezi sita.
Wino haujakauka, naupuliza
kama uji wa mtoto.

Imeandikwa Kankindi. Si "wee".
Sina begi. Nikunje hati? Hapana.
Naibeba wazi, mikono miwili,
nikipita mbele ya askari
bila kukimbia.