Mtungi wa Dakika Kumi na Moja

Ratiba yangu ya kwanza niliichora kwa kalamu nne za rangi,
nikaibandika juu ya kitanda, huku Ngara, chumba nambari kumi na saba.
Kijani kilikuwa kusoma. Nyekundu, kusoma zaidi.
Jumatano haikuikuta:
Kasyoka wa kitanda cha chini aliifungia maandazi.

Yeye alikuwa wa kukesha,
miguu kwenye beseni la maji baridi, kahawa kavu ulimini,
kurasa mia mbili kwa usiku mmoja,
na asubuhi ukimuuliza ndani mlikuwa na nini
anakutazama kama mtu aliyeamshwa kwenye matanga asiyoyajua.

Mimi nilikuwa wa kesho.
Kesho ilikuwa pana, haina watu,
nikaitwika kila kitu hadi ikapinda mgongo.
Jaribio la mekanika ya vimiminika: thelathini na moja kwa mia.
Daktari Wesonga alinirudishia karatasi ikiwa imekunjwa.
Kwa heshima.

Kilichonifunza ni bomba.
Kwetu maji huja Jumanne na Ijumaa, saa tisa za usiku,
huja kama mdaiwa anayelipa,
kidogo kidogo, akikohoa.
Mama Githaiga wa ghorofa ya nne hutoa shilingi ishirini
kwa kila mtungi uliofika mlangoni.
Nikaichukua kazi: mitungi sita, ua wa saruji, taa moja na wadudu wake.
Usiku wa kwanza nilisimama tu.
Usiku wa pili nilishuka na daftari.

Mtungi mmoja, dakika kumi na moja.
Nilipima. Lita ishirini kwa sekunde mia sita na sitini,
na ile fomula niliyokuwa nikiimeza kama dawa
ikawa pale pale, inanirukia kisiginoni.
Mtungi mmoja, ukurasa mmoja.
Ukijaa, funga daftari, inua, ngazi sabini na mbili,
na njiani jisomee kwa kichwa, maana mikono imeshikwa.
Kilichomwagika, rudi ukakichote.

Watu huambiwa wasile ng'ombe mzima wakashindwa na mkia.
Mimi nilikuwa nashindwa na ng'ombe.
Sikuongezewa akili; nilipata kisu.

Simu nikaiacha chini ya mto wa Kasyoka.
Siku hizo mbili nililala saa mbili za jioni, na kuku,
bweni zima likanicheka, na mimi nikalala.

Wiki ya mtihani bomba likakauka.
Jumanne, hewa. Ijumaa, hewa na kutu.
Mama Githaiga akanunua maji ya mkokoteni.
Mwili wangu hukuambiwa; saa tisa ukaniamsha.
Nikashuka, nikautega mtungi mtupu chini ya bomba kavu,
nikakaa juu ya tofali, nikafungua ukurasa.
Lekuton, mlinzi, akaja na tochi:
"Binti, hakuna maji."
"Najua."
Akasimama. Akaizima. Kisha akaiwasha tena,
akaishika juu ya daftari langu bila neno,
na baada ya muda akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kazini,
"Umefika wapi?"
"Robo," nikasema.

Nilipata hamsini na nane.
Kasyoka, na beseni lake, sitini na tatu.
Sina maelezo ya jambo hili.
Lakini muhula ulipofunguliwa, Alhamisi usiku,
alinigonga mguu kutoka chini:
"Ukiamka, niamshe."

Ana mtungi wake sasa, wa njano, lita kumi.
Anasema yeye, kwa kuanzia,
ni mtu wa dakika tano na nusu.