Hatujabeba Kitu

Jumamosi, jogoo wa jirani hajamaliza ugomvi wake na giza,
tunatoa baiskeli nne uani.
Yangu, gia ishirini na moja, zinazokubali ni tatu.
Ya Minza, nyekundu, ya mtumba, nimeipigania bei Makoroboi mpaka koo likakauka.
Ya Nkwabi, ndefu kuliko Nkwabi.
Na ya Holo, ambayo kengele hujilia yenyewe
kila ikiona jiwe.

Na Nyegezi ni mawe.
Mawe yaliyopandiana kama ng'ombe mnadani,
mawe yenye nyumba mgongoni, nyumba zenye mawe sebuleni.

"Mwangaluka!" Mama wa vitumbua ananyanyua uso kwenye moshi.
"Mnakwenda wapi?"
"Kilimani."
"Kuna nini kilimani?"
"Hakuna."
Anachungulia keria zetu, moja moja.
"Sasa mmebeba nini?"
"Hatujabeba kitu."
Anacheka hadi kitumbua kinaungua upande.

Simlaumu. Kwetu baiskeli haitoki mikono mitupu.
Baba alifunga magunia mawili ya pamba kwenye keria
akaisukuma, hakuipanda, akaisukuma
jua zima, hadi ghala la chama.
Mimi nyuma, nashikilia gunia lisilale.
Mgongo wake niliujua kuliko uso.
Hakuwahi kuniambia
kwamba chombo hiki kinaweza kumchekesha mtu.

Kupanda ni kusaga meno.
Nkwabi anatutangulia, anatungoja juu
akijifanya hahemi.
Holo ameshuka, anasukuma, anajisomea jedwali la saba:
"Saba mara saba, arobaini na tisa.
Saba mara nane, hamsini na nne."
"Na sita!" sauti inadondoka kutoka mawe ya juu.
"Sikukuuliza!"
Pimbi wawili wanaingia ufani, wamekereka.

Kileleni ziwa linatokea lote kwa pamoja,
halibishi hodi.
Tunakunywa maji yenye ladha ya chupa.
Wanasema mpanda ngazi hushuka.
Mpanda jiwe je? Mpanda jiwe kwanza huliangalia.

Minza miezi mitatu alikuwa akisema,
"Nakuja kwa ajili ya watoto tu."
Sijui siku hiyo aliona nini.
Alikaza kanga juu ya suruali,
akainuka kwenye kiti, magoti yamelegea,
akaachia breki.

Nilimwita. Jina lilibaki nyuma yake na vumbi.
Alipita kati ya mawe mawili ambayo mimi huyapita kwa miguu,
akaruka mzizi, akainama kushoto,
akawa mwekundu, akawa mdogo, akawa hayupo.

Tulimkuta chini, mguu mmoja juu ya jiwe,
vumbi mpaka kwenye kope.
"Mama! Nani alikufundisha?"
"Dagaa," akasema.

Igombe, alfajiri, ndoo mbili, umri miaka kumi na mitatu.
Breki ilikuwa kandambili, unaikandamiza kwenye tairi
hadi inanuka.
Ukichelewa Kirumba, bei imeshalala.
"Nilikuwa nashuka huku nalia, zisimwagike.
Leo nimeshuka tu."

Miaka kumi na sita nakula naye sahani moja,
na hilo sikulijua.

Mwiba ulikuwa umeuma tairi la Nkwabi.
Tukajikokota hadi ufukweni Luchelele.
"Usiingie majini, kuna kichocho," mama akaonya,
kwa hiyo Holo akalala kifudifudi juu ya mwamba,
akazamisha mpira ziwani, akauzungusha taratibu
kama anayeosha mkono wa mtoto,
mpaka uzi wa mapovu ukapanda.
"Hapa, baba. Hapa panapumua."

Nkwabi anakwangua, anapaka gundi, anapuliza.
Mimi natafuta pampu niliyoisahau nyumbani.
Minza hatutazami.
Anatazama kilima, amebana jicho moja,
kama anayepima uzito
wa mzigo ambao haupo.