Wenyeji wa Makaburini

Kitaluni walituuzia maua yenye kibandiko: YA ASILI YA HAPA.
Nikauliza, hapa ni wapi?
Msichana wa kaunta akainua chungu, akasoma chini yake:
mbegu za Oregoni, udongo wa Kanada,
na dawa ndani ya utomvu, isiyooshwa na mvua.
Kiwavi akilila jani hilo haioni jioni.
Nikarudisha vyungu vyote thelathini na sita.
Mwalimu mkuu akakuna kidevu:
bustani inafunguliwa Mei mwakani, nawe unarudisha maua?

Hapa ni Iowa. Mahindi mpaka upeo wa macho,
soya mpaka mahindi yanapoanza tena.
Mbuga iliyomfika mpanda farasi mabegani
imelimwa yote,
tuliambiwa, yote.

Ni Marit wa darasa la tatu aliyesema:
kwa babu wa babu yangu kuna majani marefu.
Kwa babu gani, wapi?
Makaburini.

Kona ya kaskazini, jembe halijawahi kuingia,
maana hakuna alimaye juu ya mamaye.
Tukayakuta pale: nyasi za mguu-wa-batamzinga,
ua-dira lenye majani yanayotazama kaskazini na kusini
hata kama hakuna anayepotea,
na kati yake mawe: Tvedten, Aasgaard,
mtoto mchanga, 1871, bila jina.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Hawakusema atapona wapi.
Huku alipona pale tu wageni walipolala.

Bi Verna, mtunza makaburi, hakuzima mashine ya kukatia nyasi,
alipaza sauti tu juu yake:
Katika vichwa kumi, chukueni kimoja.
Msiwakanyage akina Aasgaard.
Nami sikati kona hii hadi Oktoba,
ila wakinipigia kulalamika, nitawapa namba yako.

Watoto wakaandika kwenye mifuko ya kaki
tarehe, mteremko, na kaburi la nani.
Mbegu tukazichanganya na mchanga mbichi,
tukazilaza ndani ya friji ya walimu, nyuma ya maziwa,
kwani haziamini joto mpaka zionje baridi.
Miezi mitatu. Mtu akabandika karatasi: SI CHAKULA.

Mei ikaja na utepe, na waalikwa waliovaa viatu vizuri.
Kitutani: vijani viwili hapa, kimoja pale,
vidogo kama ukucha wa mtoto.
Mwalimu mkuu akanitazama.

Anders akasema, zimeanza na mizizi.
Akanyoosha mikono; haikutosha.
Akalala chali nyasini na shati lake jeupe,
akamwita Marit alale miguuni pake,
na miguuni pa Marit, Oskar.
Siku moja itashuka mpaka hapo, alisema, akiangalia mawingu.

Watoto watatu wamelala mstari mmoja, hawacheki.
Mwalimu mkuu amesimama na mkasi,
hajui aanze kukata wapi.