Mtufaha Haumo Ramanini

Ramani tulikabidhiwa imekunjwa mara nane,
mikunjo imetoboka, panya wameonja pembe ya kaskazini.
Mwaka elfu moja mia nane arobaini na saba:
wino wa kahawia, mkono wa mtu aliyelala vizuri.
Hapa njia ya changarawe. Hapa bwawa, umbo la figo.
Hapa mialoni, safu mbili, ishirini na mbili kila upande,
na mbele ya baraza la nguzo sita,
duara: mawaridi.

Tulianza Aprili, theluji ya Estonia ingali vivulini.
Urmas alishika kamba, mimi vigingi,
Kaarel toroli lenye gurudumu linalolia kama bata.
Jumba la Vaarema lilitutazama kwa madirisha yaliyozibwa mbao.
Liliwahi kuwa la kabaila wa Kijerumani, kisha shule,
kisha ghala la mbolea,
kisha la popo.
Sasa ni la wizara, na wizara inataka
kila kitu kirudi kama kilivyokuwa.
Kama kilivyokuwa:
maneno matamu, matamu kama ahadi ya mdeni.

Sepetu ilishuka shubiri mbili, ikakwaruza. Changarawe!
Tukapiga kelele kama watoto waliookota sarafu.
Njia ilikuwapo, imelala chini ya udongo mweusi,
imejifunika matuta.
Ndiyo, matuta, ya viazi, marefu, yamenyooka;
unayaona asubuhi jua likiwa chini,
nyasi zinapanda na kushuka
kama mbavu za ng'ombe aliyekonda.

Hilja alifika siku ya tatu. Buti za mpira, kitambaa kichwani,
miaka themanini na sita, fimbo hataki.
Hakutuamkia. Alisimama juu ya mbavu zile,
akasema: "Huu ulikuwa mstari wa mama.
Ule wa Leontine. Ule pale wa mke wa mwalimu,
hakujua kulima, viazi vyake vilitoka kama goroli."
Baada ya vita, alisema, waridi haliliwi.
Waliyang'oa kwa mikono, miiba ikawachana,
wakafunga vidole matambara,
wakapanda maganda yenye macho
kwa sababu viazi vyenyewe walishavila.

Na katikati ya duara
mama yake alichomeka kijiti cha mtufaha
siku kaka yake alipochukuliwa na lori.
Kuhusu lori hakuongeza neno.
Mti upo. Umeinama upande, una jipu la kuvu shinani,
na ramanini haumo.

Urmas ni mtu mwema, ila ana mkataba.
Msumeno ulikuwa garini.
"Bibi," akasema, "tunarudisha bustani ya asili."
Hilja akacheka, meno matatu.
"Ya asili? Bwawa lako hilo, unajua lilichimbwaje?
Baba wa babu yangu, siku tatu kwa wiki za shokoa,
udongo kikapuni, kikapu mgongoni, vuli nzima.
Mtafutie naye jina lake humo kwenye karatasi."

Nilitafuta. Sikutaka, lakini jicho halina adabu.
Lilikuwapo jina la kabaila. Lilikuwapo la mchoraji.
Lilikuwapo la farasi, naapa, pale zizini,
limeandikwa kwa madoido.

Usiku, kibandani, nilichora ramani mpya, ile ya wizara.
Njia. Bwawa. Mialoni thelathini na mmoja iliyosalia.
Kwenye duara mkono ukasita,
taa ikavuma, nondo akajigonga, akajigonga tena,
kisha nikauchora mtufaha, na kuinama kwake,
kwa wino, si kwa penseli.
Mkaguzi anakuja Ijumaa.

Asubuhi nilimwonyesha Hilja. Aliishika karatasi
mbali na macho, kisha karibu, kisha juu chini.
"Na matufaha yenyewe," akasema akinirudishia,
"machachu. Hata nguruwe walikuwa wakiyakataa."