Debe Lisilo Tupu

Kadi ya kliniki ilichukuliwa na Nyando
usiku ule maji yalipopanda hadi madirishani hapa Ahero,
pamoja na kuku, na magunia mawili ya mpunga,
na mwandiko wa nesi wa tarehe tusizozijua.

"Sasa nitajuaje," anauliza Persila, mfinyanzi,
mjukuu wake Osewe magotini, miaka minne, pua inatiririka,
"kama mama yake alimpeleka kuchanjwa surua?
Marehemu alikuwa msahaulifu. Mungu anisamehe."

Namtoboa mtoto kidole. Analia hadi sokoni wanasikia.
Tone moja. Nalidondosha juu ya kifaa
ambacho ukikiweka juu ya ukucha, ukucha unabaki.
Ndani yake vingoma mia,
ngozi zao nyembamba kupita utando wa kitunguu,
vinalia mlio usiofikiwa hata na sikio la popo.

Juu ya kila kingoma tumepaka chambo,
kipande cha kirusi cha surua kisicho na uhai.
Kama damu ina kingamwili, zitakuja, zitang'ata,
zitaning'inia pale; na ngozi ikibebeshwa mzigo
hulia chini kidogo.
Kidogo sana.
Huo upungufu wa sauti ndio jibu.

Namweleza Persila. Ananitazama kama mtu
aliyeambiwa kwamba maji hulowesha.
"Kijana, mimi chungu nakigonga kabla sijakiuza.
Kizima kina sauti yake, chenye ufa kina yake.
Na chenye maji je? Hata huyu anajua."
Kweli. Na debe tupu haliachi kuvuma.

Tunangoja. Feni imesimama, umeme ni wa kubahatisha,
betri inahesabu. Mstari kwenye skrini
uko juu, bado uko juu,
kisha unaanza kushuka
kama mtu anayetua ndoo asimwage.

"Zipo," nasema.

Hajibu. Anamfuta Osewe pua kwa ncha ya leso.
Natakiwa kumwambia, namwambia:
kifaa hakijui kama ni chanjo, au ni surua yenyewe
iliyopita usiku ikadhaniwa homa.
Hakijui nani alimbeba, siku gani,
kwa miguu kutoka wapi.

"Ni chanjo," anasema. "Surua ningeiona."
Kisha, kwa sauti iliyoshuka:
"Alimpeleka. Na mimi nikamsema hadi kaburini."

Anamgonga mtoto mgongoni kwa kidole kilichokauka udongo,
mara mbili, taratibu,
anainamisha sikio.