Kitakachotangulia

"Miaka mitatu au kilomita laki moja,
chochote kitakachotangulia."
Hivyo ndivyo kilivyosema kijitabu cha dhamana,
na mimi, Mbarouk Faki wa Wete, muuza mabati na misumari,
nikatia saini, kalamu ikinitetemeka kama naozeshwa.

Ilishuka Mkoani imevikwa nailoni,
viti vyanukia ngozi.
Watoto wa Limbani walijitazama mlangoni mwake
wakahesabu meno yao.
Raya, mke wangu, alikaa nyuma.
"Nyuma," alisema, "ndiko wanakokaa wenye gari."

Wiki ya tano ikawaka taa.
Ndogo, rangi ya zafarani.
Haikupiga kelele, ilinitazama tu
kama mkwe anayejua deni lako.

Nikapiga simu Unguja.
Kijana mwenye sauti ya pamba akaniambia:
"Usiiguse, mzee. Asiiguse mtu.
Fundi wa mtaani akifungua hata boneti,
dhamana imekufa."
Basi nikaivusha: Wete hadi Mkoani, Mkoani hadi Malindi,
nauli yake, nauli yangu, na ndimu ya kichefuchefu.

Wakaitia waya kama mgonjwa.
Kompyuta ikasoma, ikasema haioni kitu.
Wakaiosha. Wakanipa kofia.
Taa ililala safari nzima,
nilipopita Chake ikafumbua jicho.

Mara ya pili: kipuri kipo Dubai.
Mara ya tatu: kipuri kimeshatoka Dubai.
Mara ya nne kilikuja, kumbe cha usukani wa kushoto.
Mara ya tano kijana wa pamba alikwishaacha kazi,
na aliyerithi kiti chake akaniuliza,
"Kwani ina tatizo gani?"
Nikaanza upya, tangu bismillahi.

Mita ilisoma kilomita elfu sita na mia mbili.
Bahari haiandikwi.
Lau ingeandikwa, dhamana ingekwisha zamani
nikapumzika.

Shaame Kitwana hutengeneza pikipiki
kivulini mwa ukuta wangu.
Jioni hukaa juu ya debe, huisikiliza gari ikiingia,
husema neno moja: "Waya."
"Usiiguse!"
"Sijaigusa, nimeisikia tu.
Kusikia nako kunaua dhamana?"
Nikapekua kijitabu. Hakikusema.

Mwaka wa pili ililala Unguja wiki kumi na moja.
Nilikwenda dukani kwa baskeli ya mwanangu,
magoti yakigonga usukani,
na kila kikao niliuweka mezani ule ufunguo mzito
wenye nembo ya fedha,
watu wajue gari ipo, ijapokuwa haipo.
Siku moja Raya alipanda nyuma ya baskeli,
akakusanya buibui lake lisiingie kwenye cheni.
"Si nilikwambia," alisema,
"huku ndiko wanakokaa wenye gari."

Juzi, saa sita ya usiku, miaka mitatu ilitimia.
Nilikuwa uani na tochi,
Shaame juu ya debe lake, bisibisi sikioni.
Saa ya ukutani ikalia ndani.
Tukanyamaza kidogo, kama watu waliotoka kuzika.
"Haya," nikasema. "Iguse."
Akapenyeza mkono hadi kiwiko, macho kayafumba.
Nikasikia kitu kikibana: tk.
Taa ikazima.

"Kiasi gani?"
"Elfu tano."
"Na dhamana?"
Akacheka, akaugonga ukuta wangu kwa kofi.
"Mie nipo hapa. Nikukimbilie wapi?"

Leo nimeendesha hadi Konde na kurudi.
Gari kimya, inateleza kama sabuni.
Lakini jicho langu haliachi pale ilipokuwa taa,
pale peusi, patupu,
napapeleleza, napasubiri,
hadi nikakosea kona ya njia niliyozaliwa nayo.
Na sauti ya Raya, huko nyuma:
"Tazama mbele, Mbarouk."